Pua ya Benz Mlimani Riat

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Gari limetoka kwa fundi Gurmit. Kamili! Pua ya mraba, taa za mviringo, nyota mbele, nyota nyingine kwenye kifuniko cha gurudumu la akiba. Ile ile Benz ya sanduku wanayopanda waheshimiwa. Nani atajua chini yake ni ki-Suzuki cha cc 660? Jumamosi napanda Riat, kwa kina Lornah, kumposa. Baba yake, Mzee Ajwang, alishasema binti yake hamtoi kwa mtu wa kuning'inia bodaboda. Sasa aone!

Kaloleni nzima imetoka kutazama. Jirani yangu Laban amelizunguka gari, akauliza nusu nyingine italetwa lini. Wivu mtupu. Lake ni gari refu, kuukuu, la marehemu baba yake. Cc 2700, na mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Kamba!

Jumatano, 8 Oktoba
Askari wa trafiki Kondele amenipigia saluti. Mimi! Kisha nikampita, akaliona gari kwa ubavu, akashusha mkono na kucheka. Utovu wa nidhamu.

Kituo cha mafuta nikamwambia Dorca wa pampu ajaze tangi, kwa sauti, watu wasikie. Akasema, Baba, mbona limeshajaa? Hata hakuwa ameishika pampu vizuri. Akauliza kama gari ni la mtoto.

Ijumaa, 10 Oktoba
Laban amekuja na funguo zake. Eti, omera, ndugu yangu, ule mlima hautaangalia pua, chukua langu lina injini. Nikamjibu kwamba siendi ukweni na kamba, nikafunga mlango. Anataka kuniaibisha. Namjua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Siku ya dhuluma.

Tulikuwa wanne: mimi, baba mdogo Odongo, ambaye ni mzito kuliko gari lenyewe, shangazi Selpha, na mbuzi. Hadi Mamboleo, raha. Watoto walitupungia mikono. Kisha mlima. Gia ya pili. Ya kwanza. Baada ya hapo hakuna nyingine. Injini ikalia kama blenda. Baba mdogo akashuka akinung'unika. Mbuzi akashuka. Mbuzi akatupita! Shangazi akakataa kushuka, eti viatu ni vipya.

Wakatokea akina mama wametoka mazoezi ya kwaya kanisani, wakaanza kusukuma bila kuombwa. Wema wao. Lakini mmoja, wa kitambaa chekundu kichwani, alikuwa ameweka kiganja tu. Nikatoa kichwa dirishani: Mama wa kitambaa, umekuja kusukuma au kupapasa? Weka mgongo! Akauweka. Moshi wote ukamwendea yeye.

Tukafika. Tukakalishwa. Baadaye mama wa nyumba akaingia, akasimama mbali mlangoni kutuamkia, kama desturi inavyotaka kati ya mama mkwe na mkwe. Kitambaa chekundu. Masizi puani.

Mama mkwe! Mtu ambaye hata mkono sitakiwi kumpa, nimemfokea aweke mgongo! Kwani mama anayengojea wageni anatafuta nini barabarani? Niliuliza hivyo, kwa sauti. Lornah alitoka nje.

Mara honi. Laban! Alikuwa akitufuata tangu Kaloleni, eti kwa usalama wetu. Ndani ya gari lake kuukuu: baba mdogo, mbuzi, na wale akina mama wengine, wakiimba. Mzee Ajwang akamwachia Laban kiti chake mwenyewe. Akamuuliza kama ameshaoa.

Posa imeahirishwa.

Jumanne, 14 Oktoba
Lornah amepiga simu. Mama yake ameshacheka. Yeye bado. Nimepewa nafasi moja ya mwisho: Jumamosi nirudi, lakini nije na gari la Laban, na ile takataka yangu isionekane Riat. La sivyo nitafute mchumba kwenye tambarare. Nimekubali yote. Nikamwambia nimejifunza.

Laban ameniachia funguo mapema, akaenda kazini Nyamasaria. Mtu mwema, ila hana jicho la urembo.

Nimelipeleka gari lake kwa Gurmit. Kumbe amebakiwa na pua moja. Nyota kubwa kuliko yangu! Lakini anasema haitaingia, injini ya Laban imejaa mno pale mbele.

Nikamwambia aitoe hiyo injini. Ndogo ninayo.