Hotuba ya Kuzindua Jumba Letu na Mchezo wa Tajiri Aliyetiliwa Sumu

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika, waheshimiwa wa safu ya mbele mliokalia viti vyenye migongo, waheshimiwa wa safu ya nyuma mliokalia mbao, viongozi wa dini zetu zote, Mama Pindo, fundi cherehani na mwenyekiti wa kikundi cha maigizo, wasanii mliojificha nyuma ya shuka, na wananchi wote kwa vyeo vyenu na kwa kukosa kwenu vyeo. (Makofi ya safu ya mbele.)

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniamsha salama akanijalia kuwa Mkurugenzi wa Utamaduni, Burudani na Mambo Yanayofanana na Hayo, kwani bila Yeye mimi nisingekuwepo, na bila mimi, nasema kwa unyenyekevu, msingekuwa na Jumba la Maigizo la kisasa lenye viti mia sita, mradi ambao kwa mujibu wa ripoti niliyoisaini mwenyewe umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nne, baada ya mchakato shirikishi wa wadau, semina elekezi tisa, na ziara ya nchi tatu kwenda kuangalia mapazia. (Minong'ono.)

Sasa niwaambie jambo kama ndugu. Mama Pindo na wenzake wamefanya mazoezi miezi minane, kila Jumamosi wakishafunga kazi, kwa ajili ya leo tu: tajiri wa mikate anakunywa chai, anakufa, nanyi mnakaa saa mbili mkijiuliza nani katia sumu. Mama huyu alinifuata ofisini mara nne kunisihi siri isitoke, maana muuaji akishajulikana, alisema, hakuna mtu atakayebaki kutazama. Nikamtoa wasiwasi. Utaratibu unataka kila mchezo upigwe mhuri, na kwa wingi wa majukumu mimi husoma ukurasa wa mwisho peke yake, ambako ndiko huwa kuna hitimisho na mapendekezo.

Nimeletewa kikaratasi hapa. Kinasema, "Mheshimiwa, tunakuomba usimtaje muuaji." Tulia, mama. Ofisi yangu ina weledi, haiwezi kumtaja yule daktari wa familia hata kidogo. (Nyuma ya shuka kitu kinaanguka.)

Naona mnatazamana. Basi, mficha maradhi kifo humuumbua, na sera yetu ni uwazi: ni daktari, sumu aliitia kwenye sukari, kisa ni urithi, na mimi binafsi nilisikitika sana nikapiga mhuri. (Safu ya nyuma inaanza kuinuka.)

Mbona mnaondoka? Kuna bibi hapa mlangoni ananiuliza, maadamu leo ni siku ya uwazi, jumba lenyewe liko wapi. Bibi yangu, hayo ni mambo ya kiofisi, hayatolewi ovyo mbele za watu. (Kicheko kirefu.)

Mama Pindo ameomba dakika moja, nami kwa usikivu wangu nampa.

(Mama Pindo: "Jamani, rudini mkae. Mchezo wa daktari umeshazikwa. Tunaanza mwingine sasa hivi: limepotea jumba la viti mia sita, na mtu wa mwisho kuliona ni huyu baba hapa. Mwisho wake hata sisi hatuujui." Watu wanagombania mbao.)

Mmeona matunda ya hotuba? Mmerudi wote, na wapita njia wameongezeka. Naambiwa nami nimepewa sehemu kubwa katika mchezo huu mpya, na yule daktari sasa ndiye mpelelezi, anataka nieleze siku ya jiwe la msingi nilikuwa wapi. Namshukuru Mungu, sikuwepo, wala sijasikia aliyekuwepo. (Mpelelezi anaandika.)

Nimalizie, ili nijibu maswali nikiwa nimekaa. Sanaa! ("Jumba!") Maendeleo! ("Jumba!") Uwazi! ("Jumba, mzee, jumba!")

Asanteni kwa hamasa. Na shukrani za pekee kwa seremala aliyesogeza vitanda vyake akatuazima karakana hii, maana bila yeye uzinduzi ungebidi ufanyike palepale kwenye kiwanja cha jumba, na mahindi yangu pale bado hayajakomaa.