Ombi la Kuruhusiwa Kuugua Asubuhi Moja

Kwa Mkurugenzi,
Karakana ya Sare za Shule,
Ofisi ya juu, mlango wenye zulia.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: WIFI YANGU KUOMBA KUUGUA KWA ASUBUHI MOJA TU

Salamu nyingi kutoka huku chini kwenye cherehani. Sisi sote ni wazima kabisa. Nimeanza na hilo makusudi, maana tangazo lako lililobandikwa juu ya mlango wa choo linasema kwamba tangu ulipotuletea mafuta ya mimea ya kunusa na kufukiza, kinga ya mwili ya kila mfanyakazi imeimarika, na kwa hiyo ruhusa ya ugonjwa imefutwa kwa kukosa wagonjwa. Tumelisoma, tumelielewa. Nani atathubutu kuumwa mbele ya tangazo lenye mhuri?

Mimi ni fundi wa kola na vishikizo, meza ya tatu kutoka dirishani. Mpiga pasi wako, yule mwembamba aliyekuwa akiimba, ni dada wa mume wangu. Ndiye ninayemwombea, kwa sababu yeye mwenyewe kila akianza kukuandikia anakohoa na kalamu inakwenda upande. Anahitaji asubuhi moja akapigwe picha ya kifua. Najua ombi hili linagongana na elimu ya shemeji yako muuza mafuta, basi niruhusu nieleze shida zetu moja baada ya nyingine, kwa heshima zote.

1. Kikohozi kisichokuwapo. Wifi yangu alianza kukohoa mvua zilipoanza, na sasa barabara zimeshakuwa vumbi tupu. Msimamizi amemweleza kwamba hicho si kikohozi bali ni sumu inatoka, mafuta yanaisukuma nje. Tulifurahi kusikia hivyo. Lakini Ndugu Mkurugenzi, wifi yangu unamjua: sketi ya mtoto wa darasa la sita inamtosha na kupwaya. Sumu yote hiyo alikuwa ameificha wapi?

2. Madirisha. Shemeji yako alipokuja kufunga ile mashine ya kufukiza, aliagiza madirisha yote yafungwe ili wapita njia wasije wakafaidi mvuke wa mkaratusi bure. Sawa, mvuke haujatoka. Nyuzi na vumbi la vitambaa navyo havijatoka, joto la pasi halijatoka, na sisi wenyewe hatujatoka. Mkaratusi sina ugomvi nao. Nyumbani nikibanwa na mafua hujifukiza kidogo, pua ikafunguka, nikalala usingizi wangu. Ila jamani, sijawahi kujifukiza kutwa nzima huku nashona kola! Machozi yanatutiririka mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua mzigo akatupa pole na kuuliza tumefiwa na nani.

3. Sanduku la huduma ya kwanza. Bandeji zimeondolewa, ndani mmejaa chupa ndogo za shemeji yako. Juzi fundi wa kukata, yule tunayemwita Mkasi, alijikata kidole. Msimamizi akammiminia mafuta ya karafuu yale yale makali, bila kuyachanganya na kitu chochote. Loo! Kwa ukelele alioutoa, mafundi magari wa jirani walikuja mbio na spana mikononi wakidhani tumevamiwa. Vijidudu vilikufa, wala sibishi. Ngozi nayo ilitaka kuvifuata. Sasa Mkasi anakata kwa mkono wa kushoto, na ndiyo maana mashati ya wiki hii yana bega moja juu. Msimamizi anasema huo ni mtindo mpya.

4. Shati. Hapa ndipo pananiuma. Mashati ya ile shule ya msingi yaliporudishwa ulitugombeza bila kutuambia sababu. Sababu tumeipata wenyewe. Watoto walivaa mashati mapya, darasa zima likanuka dawa ya mafua, mwalimu akaingiwa na hofu ya ugonjwa wa kuambukiza, akawarudisha wote nyumbani wakapumzike. Yaani, Ndugu Mkurugenzi, shati limepata ruhusa ya ugonjwa, na aliyelipiga pasi hajapata. Naomba kujua shati lilipitia kwa nani, ili nasi tupitie hapo hapo.

5. Kisahani. Siku ya semina shemeji yako alituonyesha picha ya kisahani cha maabara. Vijidudu vilikuwa vimejaa tele, tone la mafuta likadondoshwa katikati, vikafa kulizunguka lile tone, pakabaki duara safi. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Kisahani kile nakiamini. Karafuu inaua, mchaichai unaua, picha tumeiona kwa macho yetu. Hata pasi ya wifi yangu ingeviua vijidudu vile, tena bila semina. Swali langu ni dogo tu: kati yetu, nani anaishi kwenye kisahani? Kifua cha wifi yangu kina mbavu, kina mapafu, na hilo tone linaishia puani na kwenye vitambaa. Huko ndani litafikaje? Siku ile niliinua mkono niulize, shemeji yako akasema maswali mengi hudhoofisha kinga ya mwili. Nikaushusha ili nisiwaambukize wenzangu.

6. Utaratibu. Kwa kuwa kuugua kumefutwa, basi tunaomba mwongozo. Mtu akizidiwa akaanguka juu ya meza ya pasi, aandikwe amelala kazini? Akipelekwa hospitali amebebwa, aliyembeba naye ni mtoro, au mtoro ni yule aliyebebwa peke yake? Na akifa, Mungu apishie mbali, huo utakuwa utoro au uzembe wa kutonusa vya kutosha? Nauliza mapema kwa sababu familia itakuja kuulizia, na familia yenyewe ni mimi.

Samahani. Hapo nimepandisha sauti, na barua ya ofisini haipandishiwi sauti.

Lakini acha niseme. Jana jioni alishika ukingo wa meza akakohoa mpaka akapiga magoti. Alipopata pumzi akacheka, akaniambia wifi, ole wako umwambie mumeo. Mume wangu ndiye kaka yake! Nimekaa naye mezani, nimekula naye, mdomo nimeufumba kama niliyeshonwa. Naogopa, Ndugu Mkurugenzi. Huyu ndiye aliyenipokea kwenye nyumba ile nikiwa sijui hata sufuria zinakaa wapi. Akanicheka siku ya kwanza kwa jinsi nilivyokata vitunguu, na hajaacha kunicheka hadi leo. Akiondoka huyu, nani atanitania? Mafuta yako yanukie yatakavyo, hata ukitaka utukaange humo kama mandazi sokoni tutakaa kimya. Mimi nataka daktari amsikilize kifua, basi.

Kwa hiyo nakuomba utie sahihi yako hapa chini. Kama neno ugonjwa linakukwaza, andika kwamba mpiga pasi ametumwa kuangalia sare za wauguzi. Akiwa huko huko ataziangalia kweli, ni mtu wa kazi.

Mpe salamu mama watoto, na watoto, na karani wako anayefanya kazi na kitambaa puani. Msalimie shemeji yako pamoja na chupa zake zote, kubwa kwa ndogo. Mkasi anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi mtiifu wako, mzima wa afya kwa amri,
Fundi wa kola na vishikizo.

Nyongeza: Nilikuwa napanda ngazi kukuletea barua hii, simu ikalia. Ni wifi. Asubuhi nilipoona meza ya pasi haina mtu nilidhani amechelewa, kumbe ametoroka. Yuko hospitali, kwenye benchi la wanaosubiri picha ya kifua. Anasema alipofika alimkuta mtu amejikunja pembeni, koti amelivuta hadi masikioni, anakohoa bila kupumzika, na kabla hajamwona uso alishamjua kwa harufu ya mkaratusi.

Basi, Ndugu Mkurugenzi, futa yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba sita. Ruhusa siombi tena, maana mwenye kuitoa naye katoroka. Nimeshuka chini, nimezima mashine, nimefungua madirisha yote. Wifi anasema ulimwitikia salamu kwa adabu sana na kwamba kwenye foleni umemtangulia. Nakuomba jambo moja tu: mpishe apite mbele. Sumu yake ilianza kutoka kabla ya yako.