Michembe Juu ya Bati

Jumanne, 2 Septemba 2025

Leo tumebandikwa. Si mimi, nyumba. Kaja binti wa ule mradi wa joto la nyumba, anaitwa Hellen. Shikamoo Bibi, marahaba, mara yuko juu ya kiti changu na viatu vyake. Kabandika kitu chumbani, upande wa ndani wa bati. Chembamba kama ganda la kitunguu, ukikipinda kinapinda, kina waya unaopeleka habari kwenye kiboksi. Akanieleza kwamba hakipimi joto lenyewe. Kinapima joto linavyopita kwenye bati: linatoka upande gani, linaenda upande gani. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza dari.

Maana habari yenyewe ni hiyo. Nyumba itakayoonekana inaingiza joto kuliko zote mtaani kwetu hapa Buswelu, mradi utaiwekea dari bure. Nyumba moja tu!

Na mimi dari hiyo ni ya kufa na kupona. Modesta, binti yangu, ana mimba ya kwanza na tumbo limeshashuka. Uzazi wa kwanza unalelewa kwa mama. Anywe uji wa mama yake, akandwe na mikono ya mama yake. Lakini kaniambia kwenye simu, Mama, chumba chako mchana ni tanuri, mtoto atatoka vipele. Eti ataenda Magu kwa mama mkwe wake, Agutu. Agutu ana dari. Agutu ana feni. Agutu ana kila kitu isipokuwa adabu.

Mjukuu wangu hafunguliwi macho na feni. Dari ni yangu. Nimeshasema.

Alhamisi, 4 Septemba

Aibu! Hellen kapita na simu yake inayosoma viboksi. Kwa Odeta, jirani yangu, joto linashuka kwenye bati kama mvua ya masika. Kwangu, kidogo. Kidogo! Mimi ninayeshinda na khanga mbichi kifuani!

Odeta kaja kunipa pole, meno yote nje. Kasema, Mayu Kija, mama yangu, labda bati lako limezeeka, halina tena nguvu ya kushika jua. Nikamwambia mabati yetu yalipanda juu mwaka mmoja, na la kwake ndilo linalovuja. Kaondoka anaimba.

Nikapanda lile jiwe la nyuma ya nyumba linalofika usawa wa paa, nikageuza michembe yangu, viazi vitamu nilivyovikata nikavianika. Mwaka huu viazi vimekubali, vipande vimefunika bati lote mpaka ukingoni. Viazi havingoji mashindano. Nikiwa nageuza, akili ikaja. Kama jua limekataa kunisaidia, mimi nina mkaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeanza kazi. Jiko la mkaa moja juu ya meza, chini kabisa ya kile kiganda. La pili juu ya sanduku. Dirisha nimefunga, pazia nimeshusha. Mimi nikakaa nje mlangoni, sina wazimu wa kukaa na mkaa ndani.

Kuku aliyekuwa anaatamia chini ya kitanda katoka mwenyewe, kaniangalia kama hakimu. Mbu nao wametoka. Mjusi katoka. Nyumba inapumua moto mpaka kufuli haishikiki. Odeta kapita, kauliza mbona nanuka moshi. Nikamwambia ni uzee.

Kama kile kiganda kina macho, leo kimeona. Modesta mwanangu, andaa nguo. Unakuja kwa mama yako.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo naandika kwa hasira.

Hellen kaja mbio, jua la utosi, simu mkononi, uso wa mtu aliyeona maiti inatembea. Kasema, Bibi, mtaa mzima joto linatoka juani linaingia ndani. Kwako tu linatoka ndani linakwenda juu. Nyumba yako inalipasha jua moto!

Nikamwambia basi jua linishukuru.

Hakucheka. Kaomba kuingia. Nikasimama mlangoni, nikatanua mikono, nikasema kuna mgonjwa. Mgonjwa gani? Mimi. Kapita chini ya kwapa langu. Akaona majiko mawili. Nikasema nachemsha maharage. Chumbani, Bibi? Nikasema maharage ya kwetu yana aibu. Akafunua sufuria. Hamna maharage, hamna hata maji.

Kakaa kitandani kwangu, akanieleza upya, polepole. Kile kiganda kinajua upande. Moto wangu uligonga bati kutoka chini, kikaandika kwamba nyumba inatoa joto, haiingizi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema aliniambia Jumanne. Binti mrembo, lakini mbishi.

Halafu akauliza lile la Alhamisi, kabla ya mkaa: kwa nini bati langu lilikuwa limepoa vile? Akapanda jiwe. Nikamsikia huko juu anacheka peke yake. Kumbe ni michembe! Imelala juu ya bati kama blanketi, inalipokea jua yenyewe. Viazi vyangu nilivyovilima, nikavimenya, nikavikata kwa mikono hii, vimeninyima dari!

Nimekikasirikia kila kiazi, kimoja kimoja.

Jumapili, 7 Septemba

Dari kapewa Odeta. Kanisani katoa shukrani mbele ya watu, kwa dari ambayo haijapigwa hata msumari.

Kurudi nyumbani, nani yuko kwenye kigoda? Modesta na tumbo lake. Na Agutu, kaja kumsindikiza aage. Aage! Begi liko tayari kwa safari ya Magu. Nikawakaribisha kwa sauti ya matanga.

Ikawa Hellen naye kaja kung'oa kiganda chake. Modesta akamuuliza chumba cha mama kina moto kiasi gani. Roho ikanidondoka. Hellen akasema ukiondoa siku ya majiko, chumba hiki ndicho kinachoingiza joto dogo kuliko vyote alivyopima mtaani, kwa sababu ya michembe. Modesta akaingia, akajilaza kitandani kwangu mchana wa jua kali. Tukangoja. Tukasikia anakoroma.

Agutu akavuta mdomo. Akasema, mkwe, mjukuu wangu alale chini ya viazi?

Nikamjibu, mkwe wangu, dari yako hailiwi.

Kacheka, mshenzi yule, mpaka kashika mbavu. Nikampikia. Kaongeza sahani mara mbili. Begi limebaki kwangu!

Jumatatu, 6 Oktoba

Mtoto wa kike. Kazaliwa salama, kichwa cha ukoo wangu, sauti ya ukoo wa Agutu. Analala chini ya michembe, hana kipele hata kimoja. Kila inayokauka naishusha, naanika mingine. Odeta ana dari. Mtaa mzima unakuja kupumzika kwangu.

Leo Agutu kapiga simu. Eti watoto wa kwao ziwani huzaliwa wazito, huyu anaonekana kachukua wembamba wa Kija. Wembamba! Nikamjibu kwamba kesho mtoto anapimwa uzito kliniki, mizani itasema.

Nimeutazama ule mkoba wa kumning'inizia kwenye mizani. Una mkunjo mzuri chini.

Mizani si kiganda. Mizani haijui upande. Nimeshashuka nyuma ya nyumba, nimechagua kijiwe laini, cha duara, hakimuumizi mtoto. Nimekiosha, nimekipaka mafuta, nimekifunga kwenye kitambaa cheupe.

Agutu atakoma.