Karani Asiyemjua Baba

Jumatatu, 3 Machi
Baba kasema Jumapili atakata shauri: abaki hapa na mimi, au akaishi kwa dada. Atakayekaa naye ndiye atakayeachiwa nyumba. Dada kawa mwema ghafla. Analeta uji, anamkata kucha. Unafiki mtupu. Mimi nina Karani. Ndivyo Baba alivyokibatiza kile kispika kinachoongea, nilichokifunga ukutani koridoni. Tangu apigwe na kiharusi mguu wa kushoto haumtii, basi anaagiza tu: Karani, washa taa. Karani, mpigie binti yangu. Hilo la pili linanikera. Leo kaliagiza mara nne.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia kwenye mipangilio ya Karani kwa simu yangu. Kumbe ana orodha ya sauti anazozitambua: yangu, ya Baba, ya dada. Nikafuta ya dada. Mchana alipoagiza pazia lifunguliwe, Karani akamjibu kwamba hamfahamu. Baba alicheka mpaka akakohoa. Dada akalifungua kwa mkono. Moja bila.

Jumatano, 5 Machi
Nimefuta na ya Baba. Hesabu nyepesi: Karani akimkataa, ataniita mimi. Akiniita mara ishirini kwa siku, atajua nani anaibeba nyumba hii. Na imekubali! Taa, mimi. Redio, mimi. Jioni akasema anajiona mzigo, hata mashine imemchoka. Nikamwambia asijali, mimi nipo. Roho iliniuma kidogo. Kidogo sana.

Alhamisi, 6 Machi
Saa nne nilitoka kwenda kunyolewa, nionekane mtu wa maana Jumapili. Kinyozi ana maneno mengi. Nikarudi saa nane. Baba yuko sakafuni bafuni, shavu kwenye vigae, suruali imelowa. Nyonga imevunjika. Sauti imemkauka kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakuita mtu. Akageuza macho koridoni. Karani yuko hatua tatu kutoka mlangoni, anawaka taa yake ya bluu kama kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali. Daktari anasema lazima apasuliwe, na kwa umri ule tuombe Mungu. Dada aliazima simu yangu ampigie shangazi, yake imeisha chaji. Akakuta kumbukumbu za Karani. Kumbe kile kidude kinaandika kila kinachosemwa! Dada ni fundi cherehani. Akanisomea taratibu, kama anayesoma vipimo vya gauni. Saa nne na nusu: mpigie binti yangu. Sauti haitambuliki. Dakika mbili baadaye: mpigie mwanangu. Sauti haitambuliki. Mara arobaini na moja. Ya mwisho, saa saba, hakutaka simu tena. Aliomba maji.
Nikamwambia mtandao ulisumbua jana. Akanirudishia simu, akaenda kukaa benchi la mbali.

Jumapili, 9 Machi
Baba katoka salama kwenye upasuaji. Hatatembea tena. Kakata shauri kama alivyoahidi: anakwenda kwa dada. Alisema amegeukia ukutani. Nikamuuliza kama anataka chochote. Akasema nimwite dada. Nilikwenda kulia chooni, na nililia kweli, pua na yote. Baba yangu aliomba maji kwenye ukuta.

Jumatatu, 10 Machi
Nimelala, nimetulia, nimefikiri. Tuseme ukweli, mpango wenyewe haukuwa na kasoro. Zile kumbukumbu ndizo zilizoniponza. Leo nimegundua zinazimwa kwa kubonyeza mara moja tu. Mara moja! Nikapita dukani nikanunua Karani mwingine, zawadi ya kumpa pole mgonjwa. Shangazi ndiye atakayempeleka, maana dada hawezi kumkatalia yeye kitu. Karani atawekwa karibu na kitanda cha Baba. Nimemaliza kumpanga asubuhi hii. Kumbukumbu: zimezimwa. Sauti: moja, yangu. Baba hawezi kuinuka, na dada anashinda kwenye cherehani. Baba atapata tabu siku mbili tatu, kisha atanihitaji.