Muoni Kumi na Mbili za Pipeline

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe.

Mnajua masomo yangu. Kuna chembe ndogo sana inaitwa muoni, ndugu mzito wa elektroni. Kwa sheria tunazozijua, muoni haigeuki elektroni hivi hivi, lazima itoe nyutrino, vichembe vyepesi visivyoonekana. Ikigeuka bila kutoa, basi kuna chembe mpya imeingilia kati, na dunia nzima itataka kuiona. Mwaka wa tatu huu naitafuta kwa laptopu, hapa mtaani Pipeline, gorofa ya saba. Kesho nasoma matokeo mbele ya kikundi chote cha utafiti. Nikivurunda, digrii imeota mbawa.

Asubuhi nafungua data. Kumi na mbili! Muoni kumi na mbili zimegeuka, peupe!

Nikapiga nduru. (Jirani wa chini akagonga dari na ufagio.) Halafu, kwa ujinga wangu, nikampigia mama, anayekaa mtaa wa Ziwani.

"Mama, nimeipata!"

"Umepata kazi?"

"Kushinda kazi, mama!"

Saa saba niko kwa video na Prof, msimamizi wangu. Mlango unafunguka. Mama! Na kina mama watano wa kanisa, wanahema kwa ngazi, na wimbo wa shukrani wameshauanza. Vigelegele! Kamera inaona yote.

Prof akangoja ubeti uishe. "Hongera. Zile muoni bandia ulizochanganya mwezi uliopita, kupima kama programu yako inaona, ulizitoa?"

(Ni desturi yetu. Unatia za uongo ukijaribu, halafu unazitoa. Kila mtu huzitoa.)

Nikakimbilia faili la majaribio. Bado zimo.

"Ulitia ngapi?"

"Kumi na mbili, Prof."

Mama akaninong'oneza, "Anasemaje?"

"Anasema nilizitia mwenyewe."

Mwenyekiti wao, Mama Rispa, akashika kiuno. "Yaani tumepanda gorofa saba kumshukuru Mungu kwa kitu umeweka wewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Prof naye alicheka mpaka akavua miwani. "Afadhali leo. Kesho ningekuwa nimeketi kando yako."

Nikazitoa, nikaendesha upya. Sufuri! Sufuri safi, ya kweli (kutoona nako ni matokeo), ya kusomwa kesho bila aibu. Wacha nilie kidogo kwa furaha. Digrii ipo!

"Sufuri ni nzuri?" Mama akauliza.

"Leo ni nzuri sana, mama."

Mama Rispa akaguna, akawageukia wenzake. "Haya, fungeni macho. Tuishukuru sufuri."

Tukaishukuru. Na mtu asinicheke, amina yangu ndiyo ilikuwa na sauti kuliko zote.