Noti Nne Mara Thelathini na Mbili

Guangzhou,
Jumanne asubuhi.

Kwa Ndugu Imelda,
Katibu wa Kwaya ya Waswahili wa Xiaobei.

Ndugu Katibu,

YAH: KUOMBA KWAYA IJITOE KATIKA MTIHANI WA LOYCE

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya marobota mawili ya suruali za jinzi, maana kiti changu nacho kina mzigo. Afya yangu ni njema, isipokuwa pale nitakapoeleza hapa chini. Najua tunaonana kila Jumapili, na utasema, "Baba Goodness, si ungeniambia tu?" Nimejaribu kusema. Kila nikisema, mtu ananijibu kwa historia ya muziki.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawakuwapo siku ile: Loyce, binti yetu wa Bukoba anayesomea historia ya muziki hapa chuoni, anafanya mtihani wake wa mwisho Jumamosi hii. Anatakiwa awaonyeshe maprofesa watano jinsi watu wa Ulaya walivyoimba kati ya mwaka 1600 na 1800. Wachina wenzake walikuwa wameshagawana waimbaji wote wa chuo, akabaki hana watu, akaja kwetu na keki. Sisi tukala keki. Ndipo tulipokosea.

Binti huyohuyo alitufundisha kwamba Bach, pamoja na ukubwa wake na watoto wake ishirini, aliwahi kuwaandikia wakuu wa mji wa Leipzig barua ya kulalamika kwamba hana waimbaji wa kutosha. Nami nafuata mfano wa mzee huyo, ila mimi nalalamika kwamba waimbaji wapo, na mmoja wao ni mimi.

1. Kuhusu noti zenyewe.

Nimeimba besi katika kwaya hii miaka tisa. Katika wimbo wa mtihani nimepewa noti nne. Sisemi noti nne za kuanzia. Noti nne, basi. Zinashuka moja baada ya nyingine, kama mtu anayeteremka ngazi nne, kisha anajikuta yuko juu tena na anaambiwa ateremke. Mara thelathini na mbili. Besi mwenzangu Humphrey alipoiona karatasi yetu, alikumbuka ghafla kwamba ana mzigo mji wa Yiwu, na hajaonekana tangu hapo. Nimebaki besi pekee.

Nilimweleza Loyce kistaarabu. Akanijibu, "Baba Goodness, wewe ndiye msingi. Wengine wote wanajenga juu yako." Nikamwambia, "Mwanangu, msingi ndio sehemu ya nyumba inayofukiwa." Akacheka mpaka akashika ukuta, akayaandika kwenye daftari lake. Sasa maneno yangu yamo kwenye tasnifu, na mimi bado nina noti nne.

Nilinganishe na Odilia. Huyu mama, ambaye kazi yake ni kununua nguo za watoto pale soko la Zhanqian, amepewa neno moja, "Amina", na noti hamsini na tatu za kuliimbia. Nimezihesabu huku nateremka ngazi zangu. Kwetu mtu akisema Amina, unaanza kutafuta mwavuli wako. Amina ya Odilia ndiyo kwanza inaondoka: inapanda, inazunguka, inakumbuka kitu ilichosahau, inarudi kukichukua.

2. Kuhusu kurudia.

Watu wa zama zile, wakishamaliza wimbo, walirudi mwanzo wakaiimba tena sehemu ya kwanza, safari hii kwa mapambo. Sawa kwao. Hawakuwa na gari la mizigo linalowasubiri chini. Lakini Odilia ameupeleka utaratibu huu sokoni. Jumatano iliyopita nilimsindikiza kwa laoban mmoja, yaani mwenye duka, wa magauni. Bei imeshakubaliwa, kalkuleta imewekwa mezani, watu wanatabasamu. Odilia akavuta pumzi, akaanza upya kutoka salamu ya kwanza, bei ileile ya mwanzo, ila sasa kwa miguno, mikono hewani na kushika moyo. Laoban akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Mei you!" Hakuna! Na hata hatujaomba kitu.

3. Kuhusu tarakimu. Hapa nami nina sehemu ndogo ya lawama, kama asilimia tisini hivi.

Muziki wa siku zile uliandikwa nusu. Mtunzi aliandika besi, akaweka tarakimu chache pembeni ya noti, halafu, kwa jinsi ninavyoelewa mimi, akaenda kula. Mpiga kinanda ndiye aliyezisoma tarakimu akajaza yote yaliyobaki, papo hapo, kwa akili yake. Basi karatasi yangu ya besi ina tarakimu hizo: 6, kisha 7 na 6, kisha 4 na 3. Na karatasi yangu ya oda ya viatu ina tarakimu pia, maana ukiagiza viatu soko la Zhanxi unaandika kila katoni iwe na jozi ngapi za kila saizi. Karatasi zote mbili zilikuwa mfuko mmoja. Wewe ni mfanyabiashara, Ndugu Katibu, unaona mambo yanakoelekea.

Nilipiga picha karatasi niliyodhani ni ya oda, nikamtumia Dada Chen, laoban wangu wa viatu kwa miaka sita. Hakuuliza. Akafunga katoni arobaini: jozi sita za namba 39, saba za 40, sita za 41, nne za 42, tatu za 43. Zile noti nyeusi alizielewa kuwa viatu vyeusi, zilizo wazi katikati akazielewa kuwa vyeupe, na pale palipokuwa patupu akajaza kwa busara yake. Busara yake ni zambarau.

Nilimweleza Loyce nikitegemea pole. Akaruka juu. "Baba Goodness! Huyo ndiye mpiga kinanda halisi wa karne ya kumi na nane!" Alimaanisha kwamba Dada Chen alipewa besi na tarakimu, akakamilisha bila kusumbua mtu. Tayari amemwalika kwenye mtihani. Dada Chen amekubali, na ameuliza kama ni sawa akivaa zambarau.

4. Kuhusu nasaha zangu.

Mimi ndimi mlezi wa kwaya, na kila mwaka hutoa nasaha. Mwaka huu zilikuwa kurasa kumi na moja tu. Kabla sijasimama, Loyce akaomba dakika mbili asimulie habari za Haydn, mtunzi wa Austria aliyeajiriwa na bwana mkubwa mmoja na kuvalishwa sare kama watumishi wengine wa nyumba. Bwana yule alikuwa amewashikilia wanamuziki wake shamba, hataki warudi kwa wake zao. Haydn hakugombana naye. Inasimuliwa kwamba alitunga muziki ambao mwishoni kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wake na kuondoka, mpaka wakabaki wawili. Bwana akaelewa. Kesho yake watu wakafunga mizigo.

Kisha nikakaribishwa mimi.

Ukurasa wa tatu, Khatib, kijana wetu wa Unguja anayepiga kinanda, alizima swichi, akafunika kinanda, akainama kwa heshima zote, akatoka. Ukurasa wa nne, Teddy wa sauti ya tatu. Wa tano, Odilia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakurudi mwanzo. Wewe mwenyewe, Ndugu Katibu, ulitoka ukurasa wa sita. Nilikuona. Ulizima tochi ya simu ambayo haikuwa imewaka. Nikabaki na Swalha, mwenye mgahawa tunamofanyia mazoezi, aliyekuwa akisubiri kupanga sahani. Akaniuliza kwa upole, "Baba Goodness, mshumaa wako uko wapi nikuzimie?"

Tumekuwa watu wa namna gani? Miaka yote mlikuwa mnasinzia kwa adabu.

5. Kuhusu afya yangu.

Noti hizi zimeniingia mwilini. Nazingurumisha kwenye lifti, na majirani wanateremka ghorofa ambazo si zao. Mbaya zaidi ni sokoni. Nikipatana bei, naishusha hatua nne kama wimbo unavyotaka, na laoban anashuka nami vizuri kabisa. Tukifika chini, badala ya kusema "haya, funga", najikuta nimerudi juu naanza tena. Bei iliyoshuka kwa jasho inapanda kwa hiari yangu mwenyewe. Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kupatwa na ugonjwa huu, na daktari niliyemweleza aliniomba nimwimbie kidogo, kisha naye akaanza.

Kwa hayo yote, naiomba kamati:

(a) Iiondoe kwaya katika mtihani wa Jumamosi. Najua maana yake. Bila besi hakuna wimbo, bila wimbo hakuna shahada, na mama yake Loyce ameshashona nguo ya sherehe kule Bukoba. Inaniuma. Lakini haki ni haki, na mimi nimeshakata tiketi ya kurudi Moshi Ijumaa.

(b) Ikishindikana, nipewe noti ya tano. Sichagui. Hata ya mtumba nitapokea.

Nisalimie watu wote wa kwaya kwa mpangilio wa sauti, kuanzia juu: Odilia, akinamama wa sauti ya pili, Teddy na vijana wake, na Khatib pamoja na kinanda. Mwambie Swalha kwamba pilau ya Jumapili ilikuwa njema na kwamba nimemsamehe. Dada Chen asisalimiwe, atadhani ni oda.

Wako katika sauti ya chini,

Abednego Lyimo (Baba Goodness)
Besi pekee, na Mlezi wa Kwaya hadi ukurasa wa sita.

N.B. Jumanne, alasiri.

Nilikuja na barua hii kwenye mazoezi ya ziada leo mchana nikukabidhi mkononi. Kwa kuwa nilikuwa nimegoma, sikupanda. Nilikaa kwenye ngazi chini ya mgahawa wa Swalha nikisubiri mmalize. Nikawasikia mkianza bila mimi. Khatib alikuwa sawa. Odilia aliondoka na Amina yake, ikapanda, ikapanda, ikakosa pa kutua. Mkasimama. Mkaanza tena, mkasimama. Halafu nikamsikia Loyce anajaribu mwenyewe kuziimba noti zangu, kwa ile sauti yake nyembamba. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikawa pumzi tupu. Ya nne hakuifikia.

Sijui nilifungua mdomo saa ngapi. Nilikuwa nimeshafika mzunguko wa tatu, peke yangu pale ngazini, mbeba maboksi mmoja amesimama na mzigo begani ananisikiliza, ndipo mlipoingia juu yangu. Hakuna aliyekuja kunishukuru. Wimbo ulipokwisha, Loyce alichungulia tu kutoka juu, macho mekundu, akasema, "Baba Goodness, ile ya pili unaipandisha. Ishushe kidogo." Nikaishusha.

Kwa hiyo barua hii usiisome kwenye kamati. Wasomee namba 4 tu. Tiketi nimeisogeza hadi Jumatatu. Na Humphrey amenipigia simu kwamba mzigo wake wa Yiwu umekamilika, anaweza kuwahi Jumamosi aje anisaidie. Mwambie asihangaike. Noti zenyewe ziko nne tu, hazitoshi watu wawili.