Sifuri ya Mwanachama wa Ishirini na Sita

Jumatano, 8 Februari

Dokta Ninoska Terrazas, msimamizi wangu chuoni, kaniita ofisini. Hakuniambia nikae. Dalili mbaya! Akasema miaka saba inatosha mtoto kuzaliwa, kuota meno na kujua kuandika barua, na mimi sijaandika hata sura moja ya tasnifu. Nikamwambia kazi iko njiani. Akasema iko njiani tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jumatano ya Majivu, tarehe 22, saa tatu asubuhi, anataka fomu zote na sura ya kwanza mezani kwake. Nisipoleta, jalada langu linafungwa na chuo kinaagana nami.

Mada yangu ni nzuri, wacha waseme. Mtu mpya akiingia kwenye kundi, anashikamana vipi na wenzake? Ndiyo maana mwezi wa Novemba nilijiunga na kikundi cha ngoma ya Morenada hapa Oruro, safu ya Mzee Macedonio Choquetopa. Tuko ishirini na sita, mimi nikiwa wa mwisho. Niliapa mbele ya Bikira wa Mgodini kwamba nitacheza miaka mitatu mfululizo, kama wapya wote wanavyoapa. Kwa kweli nilipanga kucheza mpaka fomu zijae tu. Bikira ataelewa. Haya ni mambo ya kitaaluma.

Fomu ina swali moja kubwa: ukipatwa na shida, unamwendea nani? Majina matatu, basi. Leo nimehesabu fomu kumi na nne za kwanza. Wilber Colque, fundi wa matairi, aliyejiunga siku moja na mimi: katajwa na watu sita. Mimi: sifuri. Simwonei wivu. Naandika kama takwimu.

Sita!

Alhamisi, 9 Februari

Nimeamka na mpango. Watu hushikamana na anayewalisha. Hili limeandikwa kwenye vitabu, na hata lisingeandikwa tumbo linalijua. Nikaagiza api, uji wetu wa mahindi ya zambarau, vikombe ishirini na sita, na maandazi ya jibini juu yake. Nilimwagizia Mama Eustaquia, mke wa Mzee Macedonio, anayeuza api pale pembeni na kucheza safu moja nasi. Apeleke moto moto kwenye mazoezi. Mimi ningeingia baadaye kidogo, ili wanione nikija.

Nilichelewa. Mashine ya kutoa nakala ilimeza fomu zangu. Nilipofika, vikombe vilikuwa vitupu na wote walikuwa wamemzunguka Mama Eustaquia wakimwombea maisha marefu. Nikasema kwa sauti kwamba api ni yangu. Wakacheka sana. Jamaa mmoja akanipiga begani akasema, "Mwalimu leo umeamka na utani!" Wilber alikuwa amekunywa vikombe vitatu, kimoja kikiwa changu.

Nikawagawia fomu watu kumi waliokuwa wamebaki, wote isipokuwa Wilber, aliyesema atajaza baadaye. Mama Eustaquia: katajwa na wote kumi. Mimi: sifuri.

Jumapili, 12 Februari

Mazoezi ya mwisho kabla ya Karnivali. Nimetangaza kwamba fomu za zamani zina kasoro, zijazwe upya. Sikusema kasoro yenyewe ni nini. Fomu mpya ina orodha ya wanachama wote ili kuwakumbusha, na kwa bahati jina langu limetokea juu kabisa. Kwa herufi nene.

Mzee Macedonio akalipokea rundo zima. Akasema, "Mwalimu, hizi karatasi zinawatesa watu. Twendeni tukajaze pamoja, kama familia." Wakaingia chumba cha mavazi, mlango ukafungwa. Nikabaki nje na baridi ya Oruro na matraka yangu mkononi, ile njuga ya mbao ya kuchezea Morenada. Nikaizungusha kidogo ilie kra-kra, wajue nipo.

Fomu ishirini na nne zimerudi. Zote zimejazwa sawasawa. Mstari wa kwanza: Bikira wa Mgodini. Wa pili: Mama Eustaquia. Wa tatu: Mzee Macedonio. Wilber peke yake hajajaza, alikuwa amelala chini ya basi la watu akilitengeneza.

Nikalalamika. Nikamweleza mzee kwamba nilitaka jina la mwanachama. Akanitazama kwa huruma. Akasema Bikira ni mwanachama wa zamani kuliko wote, na ada yake hajawahi kudaiwa. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe, mwanangu, ukipatwa na shida unamwendea nani?"

Nikasema mtafiti hajazi fomu yake mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikijiuliza. Sikupata hata jina moja la kuandika, na chakula kimenishinda.

Jumatatu, 13 Februari

Dokta kapitia fomu. Akauliza huyu Bikira ni nani, na kama ametia saini karatasi ya ridhaa. Maana kanuni za chuo ziko wazi: kila anayetajwa kwenye utafiti lazima aridhie kwa maandishi. Sijui kama alikuwa akitania. Dokta Ninoska hutania bila kubadilisha uso.

Sikutaka kujaribu bahati. Nikaenda kanisani na karatasi ya ridhaa na kalamu mbili. Padri Anselmo akaisoma yote, mpaka kifungu cha haki ya kujitoa wakati wowote. Akasema haki hiyo Bikira hataitumia. Nikamwomba atie saini kwa niaba. Akaniambia, "Mwanangu, mtazame. Kambeba mtoto mkono mmoja, mshumaa mkono mwingine. Kalamu aishike kwa mkono gani?" Akanishauri niwashe mshumaa. Nimewasha. Nikaiacha karatasi chini yake kwa tahadhari. Imeungua pembeni.

Jumanne, 14 Februari

Ajabu kubwa! Nimerudi kwa Dokta kuungama kuhusu saini. Hakujali. Alikuwa na fomu za mwanzo, zile za kabla ya mzee kuwafungia watu chumbani, kaziweka kando ya zile mpya. Akagonga jina langu kwa kidole. Miezi mitatu ndani ya kundi, akasema, mazoezi kila wiki, na hakuna hata mmoja aliyekutaja? Nikakiri, macho chini. Akasema, "Basi angalau hapo pana kitu. Kaandike hilo."

Sifuri yangu ina thamani! Nimeokoka! Nimetembea mpaka nyumbani nikipiga mluzi. Sura ya kwanza itaitwa Upweke wa Mwanachama Mpya. Sasa naomba kitu kimoja tu: mtu yeyote asinipende kabla ya tarehe 22.

Alhamisi, 16 Februari

Balaa. Wilber kaja na fomu yake. Mikono ina grisi mpaka viwikoni, akaniomba nimwandikie. Nikashika penseli. Nikauliza kwa sauti ya kitaaluma: ukipatwa na shida, unamwendea nani?

Akasema, "Andika wewe."

Nikamwambia ndiyo, naandika mimi, yeye ataje jina tu. Akasema hapana, anamaanisha mimi, jina langu, Rómulo. Nikamwuliza kwa nini, kwa hasira kidogo. Akajikuna kichwa akasema, "Mwalimu, tangu Novemba unaniuliza nimeshindaje, nimekula na nani, nani kanipigia simu wiki hii. Mama yangu mzazi haniulizi hivyo. Nilipohama kutoka Huanuni sikuwa na mtu mjini hapa. Nilikuwa nasubiri maswali yako."

Yalikuwa maswali ya dodoso! Kifungu cha pili mpaka cha tisa!

Nimeandika jina langu, kwa penseli, kwa herufi ndogo. Alipoondoka nililitazama muda mrefu. Sijui kwa nini nilitabasamu, maana ni hasara tupu. Sifuri imekuwa moja.

Jumamosi, 18 Februari

Karnivali. Siandiki mengi, mgongo umekufa. Vazi la Morenada lina uzito wa kilo ishirini na zaidi, na mimi nina uzito wa mtu anayeishi kwa mkate na nakala. Tumecheza toka asubuhi. Karibu na uwanja kamba ya vazi ikakatika na sketi yake, ngumu na pana kama pipa, ikanishukia magotini. Nikasimama kama kuku kwenye tenga.

Mzee Macedonio akapuliza filimbi na safu nzima ikaanza kucheza papo hapo, kundi la mbele likitupigia kelele, la nyuma likitutukana. Wilber akatoa mfukoni kipande cha mpira wa tairi, akanifunga. Mama Eustaquia akanishikia kinyago akaninywesha maji. Watu wawili walibeba uzito wa vazi langu kwa nyuma mpaka mlangoni kwa Bikira, na mmoja wao alikuwa yule jamaa aliyenipiga begani siku ya api. Sikuwaomba. Nilipiga kelele waniache, wanaharibu takwimu, lakini tarumbeta ziliwazidi.

Kanisani tuliingia kwa magoti, sote, vinyago mkononi. Nililia. Lilikuwa vumbi.

Jumanne, 21 Februari

Siku ya kubariki nyumba. Mji mzima unamwaga maua, karatasi za rangi na bia sakafuni, Mama Ardhi apate fungu lake. Mimi niko mezani. Kesho saa tatu!

Sura imekaribia kwisha na ni nzuri sana. Nimeamua kuhusu fomu ya Wilber. Mhojiwa alishawishika na mhoji, jibu halifai. Nimelifuta jina. Nimefuta mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza bado lilisomeka. Mambo ya Jumamosi hayamo kwenye fomu yoyote, kwa hiyo hayakutokea.

Saa kumi. Wamekuja. Wote ishirini na watano, na tarumbeta moja. Wanagonga. Mzee Macedonio anaita, "Mwanangu, fungua! Tumebariki nyumba zote, imebaki yako!" Mama Eustaquia anasema api inapoa. Mtu kauliza huenda nimesafiri, na Wilber anasema hapana, yumo, viatu vyake viko mlangoni, na kwamba yeye haondoki bila kuniona.

Nimevuta pazia. Hawaelewi kazi ya kitaaluma hawa. Wanagonga mpaka kalamu inaruka mezani, wakati nimebakiza sentensi moja tu ya hitimisho. Nimeiandika hivyo hivyo, kwa mwandiko mbaya: "Katika muda wote wa utafiti, hakuna aliyemtafuta mwanachama mpya."